Raia, Onyesha Meno!

Siku Rufina Pimenova alipomwona mumewe akitoka kwenye mashine ya kuchapia, akatoka tena, na tena, uso ule ule ukicheka meno yote nje, alishika ukingo wa meza asije akaanguka.

Alikuwa amekuja kiwandani kukagua rangi nyekundu tu. Kazi yake ilikuwa kuchora matangazo ya biashara. Miaka ile maduka ya serikali mjini Leningrad yalikuwa yakigombania wateja na wachuuzi binafsi, na mashirika yalikuwa yamegundua kwamba hata sabuni ya taifa hainunuliwi mpaka isifiwe. Rufina alishachora biskuti, chai, viatu vya mpira na chupa za bia. Safari hii ilikuwa zamu ya unga wa meno uitwao Lulu. Herufi zilikuwa zake, duara kubwa jekundu lilikuwa lake, na maneno yaliyopanda mshazari kutoka pembe hadi pembe aliyatunga yeye: RAIA, ONYESHA MENO! Katikati ya duara palitakiwa kukaa picha ya msichana mwenye nywele za kusuka. Ndivyo walivyokubaliana na mwenzake kabla mafua makali hayajamlaza Rufina kitandani.

Sasa msichana hayupo. Yupo Zakhar.

"Umeonaje, dada?" Mwenzake alikuja akifuta mikono kwa tambara, uso unamng'aa. Jina lake lilikuwa Innokenti Vedernikov, lakini kila mtu alimwita Kesha. Yeye ndiye aliyepiga picha, akazikata kwa mkasi, akazibandika juu ya michoro ya Rufina mpaka ukadhani watu wanaruka kutoka kwenye karatasi. "Yule binti alicheka kama jino linamuuma. Nikamkumbuka shemeji, siku ile kule kijijini mbuzi alipokula kofia yangu. Unakumbuka alivyocheka? Nilikuwa na kamera mkononi. Nikasema, ngoja nimshtue Rufina akipona."

"Umenishtua kweli," Rufina alisema. "Baraza la michoro limeiona?"

"Limeiona na limepitisha. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, na unajua yule hacheki hata akitekenywa."

"Basi simamisha mashine. Hii rangi imekoza mno."

"Rangi iko sawa kabisa! Halafu umechelewa. Za stesheni za reli zimeshaondoka. Wameanza na kusini, zinakwenda mpaka Baku. Hizi za hapa mjini zinabandikwa kesho." Kesha akamtazama vizuri. "Dada, umekuwa mweupe kama karatasi. Hujapona wewe. Nenda ukalale."

Rufina alitoka nje bila kufunga koti. Neno moja tu ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani: kusini.

Mumewe hakuwa Zakhar. Alizaliwa Rostislav Verigin, mtoto wa kanali, katika mji wa Armavir huko kusini, na akiwa na miaka kumi na tisa alivishwa magwanda akaenda kupigana upande wa Weupe, waliopinga mapinduzi, dhidi ya Wekundu. Weupe waliposhindwa na kukimbilia melini, yeye alikuwa hospitalini anaungua kwa homa ya chawa. Kitanda cha pili yake alilala karani wa reli, Zakhar Pimenov, mtoto wa mhunzi. Karani akafa. Lakini kwenye vitabu vya hospitali aliyekufa alikuwa Verigin, na aliyetoka pale akijikongoja alikuwa na karatasi za Pimenov kifuani. Mama yake aliyebaki Armavir hakuandikiwa hata mstari mmoja, maana barua ingewaponza wote wawili. Rufina aliambiwa habari hizi kabla ya ndoa, kwenye benchi la bustani, kwa sauti aliyoisikia kwa shida. Tangu siku hiyo hakuna aliyezitaja tena, hata chini ya blanketi.

Ndiyo sababu Zakhar hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na mwanya mpana wa meno ya mbele, na kovu jembamba lililoikata nyusi ya kushoto, alama ambazo hata mtu aliyesoma naye darasa moja asingezisahau. Alizoea kutabasamu midomo imefungwa na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Siku ya mbuzi alijisahau. Mara moja tu katika miaka yote ile.

Na sasa mwanya ule ulikuwa na upana wa kiganja, na kovu lilikuwa na urefu wa mkono wa mtoto.

Alipomweleza, Zakhar alikuwa anavua viatu. Alibaki ameinama, kiatu kimoja mkononi, kwa muda mrefu.

"Kusini mpaka wapi?" akauliza kwa sauti ya chini. Ukuta wa chumba chao ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake aliishi jirani mwenye masikio.

"Mpaka Baku."

"Basi Armavir ipo njiani." Akakiweka kiatu sakafuni polepole. "Kesha anajua?"

"Hajui kitu. Alidhani ananifurahisha."

"Nitafuga ndevu."

"Ukifuga ndevu wiki hii, kila mtu atauliza kwa nini wiki hii."

Halafu akasema, "Kweli," na kukaa vile vile, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila.

Kesho yake mji uliamka umejaa Zakhar. Alikuwa kwenye uzio wa bustani, kwenye nguzo za matangazo, kwenye ubavu wa duka la mkate, wanane kwa mstari mmoja karibu na daraja, wote wanacheka. Jikoni, ambako familia nne za nyumba ile zilipika pamoja, Kapitolina Fomina alikuwa ameshapata habari. Mama huyu alifanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku na alikuwa mjumbe wa kamati ya nyumba. Sauti yake ilipenya milango, na ndiye aliyeishi ng'ambo ya ukuta wa mbao.

"Jamani, inukeni, mfalme wa meno anaingia!" alipiga kelele Zakhar alipokuja kuchemsha maji. "Ndugu Zakhar, tuchekee kidogo basi. Au siku hizi mpaka tukate tiketi?"

"Niache, Kapitolina."

"Eti nimwache! Miaka mitatu tunaishi hapa, sijawahi kuona jino lako hata moja, nikadhani labda huna. Kumbe unatunzia nchi nzima! Na huo mwanya! Ungeuonyesha mapema, mimi ningeshakuiba kwa Rufina zamani."

Wanawake wakacheka. Rufina naye akacheka, maana asiyecheka angeonekana. Zakhar alitabasamu midomo imefungwa.

Kazini kwake, ghala la mabomba ya maji alikokuwa karani, mkuu wake alilibandika bango lile juu ya meza yake kwa mapenzi kabisa. Watoto mtaani wakamwimbia maneno ya Rufina. Zakhar akaanza kutembea kwa miguu, kwa sababu ndani ya tramu hakuna pa kugeuzia uso. Siku aliyolazimika kupanda kwa sababu ya mvua, mwanamume mmoja mwenye koti la ngozi, kama yale ya polisi wa siri, alimkazia macho tangu kituo cha kwanza. Zakhar akashuka kabla ya kufika. Mwanamume akashuka. Zakhar akakata kona; nyuma yake nyayo zikakata kona. Mwishoni aliona afadhali yaishe, akasimama kwenye mlango wa duka lililofungwa, akageuka.

"Samahani, ndugu," mwanamume alisema akihema. "Si wewe yule wa unga wa meno? Mke wangu anabisha. Hebu niambie ukweli, unasafisha au ni maneno tu?"

"Unasafisha," Zakhar akasema.

Alifika nyumbani amelowa, akamsimulia Rufina, na wote wawili wakajaribu kulicheka jambo lile. Halikuchekeka. Akatapika kwenye beseni, akalala ameelekea ukutani.

Hapo ndipo Rufina alipoamua. Bango haliwezi kubanduliwa na mtu mmoja, lakini lililobandikwa na shirika, shirika linaweza kulibandua. Kilichohitajika ni sababu. Na sababu za miaka ile alizijua, maana alishasikia wenzake wakitupiwa.

Baraza la michoro la shirika lilikutana Jumatano katika chumba kirefu chenye harufu ya gundi. Mwenyekiti, Ndugu Shubin, alikuwa mtu mkavu mwenye kikohozi. Rufina aliinuka, akaomba neno, akasikia sauti yake ikitoka kama ya mtu mwingine.

"Nilikuwa mgonjwa picha hii ilipopitishwa. Jina langu limechapwa pale chini, kwa hiyo siwezi kunyamaza. Kitazameni kicheko hiki, ndugu. Je, mfanyakazi anacheka hivi? Mfanyakazi akicheka, uchovu wake unauona. Huyu kashiba. Huyu ni mwenye duka anayekuchekea baada ya kukupunja kwenye mizani. Tumeambiwa tumfundishe raia usafi, sisi tumemtundikia mchuuzi ukutani ili amwonee wivu."

Kesha aligeuka kwenye kiti chake, akamtazama kinywa wazi. Mwanzoni alionekana kama anasubiri mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja.

Shubin alikohoa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sahihi. Rufina aliona hofu ikimpanda usoni: sasa akiitetea picha, atakuwa anamtetea mchuuzi. Wajumbe wawili wakadakia. Mmoja akasema ni kweli, hata yeye aliona kitu kinamkera. Mwingine akasema mashavu yale ni mashavu ya mabepari. Picha ile ile waliyoichekelea majuzi ilikuwa inabadilika mbele ya macho yao, na kila aliyesema alisema kwa ukali kuliko aliyetangulia.

Kisha Shubin akauliza swali ambalo Rufina, katika kupanga kwake kote, hakulifikiria.

"Ndugu Vedernikov. Huyu mtu ni nani?"

Wajumbe wakageuka kumtazama Kesha.

"Jina lake, kazi yake, na baba yake alikuwa nani," Shubin akaendelea. "Kama ni adui aliyejificha, basi shirika letu limembandika adui kwenye kila stesheni ya nchi hii. Lazima tujue. Itabidi tuandike taarifa kwa wahusika."

Rufina alikuwa bado amesimama. Aliogopa kukaa, maana kukaa wakati ule kungeonekana. Hakuwahi kumleta mumewe ofisini; aliyemjua mle ndani alikuwa Kesha peke yake. Mwanamume ambaye yeye mwenyewe Rufina alikuwa amemchoma kisu cha mgongo dakika chache tu zilizopita.

Kesha alimtazama. Hakuwa na haraka. Aliutazama uso wake, akaitazama mikono yake iliyoshika mgongo wa kiti, halafu akalitazama bango lililotundikwa ukutani, akarudi kwake. Rufina aliona jinsi mawazo yalivyompita machoni moja baada ya jingine: siku ya mashine, rangi eti imekoza, weupe wa uso wake. Akaona pale yalipofika.

"Simjui," Kesha akasema. "Ni mtu wa sokoni, alikuwa anauza samaki. Nilimwona anacheka, nikampiga picha."

"Hukumuuliza jina?"

"Mimi nilitaka meno, ndugu mwenyekiti. Jina la nini?"

Mtu mmoja alicheka, akagundua yuko peke yake, akajifanya anakohoa.

"Huo ni uzembe," Shubin alisema, na sauti yake ilikuwa na nafuu ya mtu aliyepata wa kumbebesha lawama. "Uzembe wa kisiasa."

Waliamua mabango yafunikwe kwa karatasi nyingine, yaliyobaki ghalani yachanwe, na Vedernikov asipewe tena kazi na shirika. Jina lake liandikwe kwenye gazeti la ukutani ili wengine wajifunze. Rufina alipigiwa makofi.

Alimkuta Kesha kwenye ngazi akihangaika na vifungo vya koti.

"Kesha, nisikilize, acha nikueleze—"

"Usinieleze!" Alisema kwa ukali kiasi kwamba mwanamke aliyekuwa akipanda aligeuka. Kesha akashusha sauti. "Usinieleze kitu, Rufina. Nisichokijua hakitanitoka. Hata wakinibana." Akafunga kifungo cha mwisho, akakikosea, akakiacha. "Ungeniambia siku ile ile tu. Ungesema, Kesha, itoe hii, usiulize. Ningeitoa. Ningeipasua kwa mikono yangu."

"Niliogopa."

"Naona. Na sasa naogopa na mimi. Asante." Akashuka. Baada ya siku chache Rufina alisikia amehamia kwa shangazi yake Kazan, anachora mabango ya sinema kwa brashi kubwa, kazi ya mtu anayeanza. Hawakuonana tena.

Mabango ya mjini yalifunikwa. Theluji ya kwanza ikaanguka, watu wakapata mambo mengine ya kuzungumza, na hata Kapitolina akachoka na utani wake. Zakhar alirudi kupanda tramu. Usingizi ukamrudia kidogo kidogo. Lakini stesheni za kusini zilikuwa mbali na maamuzi ya baraza, na huko hakuna aliyekuwa na haraka ya kubandua kitu.

Jumapili moja mchana kengele ya mlango mkubwa ililia mara moja. Kila familia ilikuwa na idadi yake ya milio ya kengele; iliyolia mara moja ni ya mgeni asiyejua, na aliyekwenda kufungua zote za namna hiyo, kwa hamu, ni Kapitolina. Nyumba nzima ilikuwa jikoni. Zakhar alikuwa ameinama kwenye sinki, kifua wazi, anaosha nywele, povu limemjaa kichwani, na Rufina anammiminia maji.

"Ingia, bibi, ingia, jikung'ute theluji," sauti ya Kapitolina ilisikika ukumbini. "Mchoraji Pimenova? Yupo, anamwogesha mumewe kama mtoto. Njoo huku kwenye joto."

Aliyeingia alikuwa mama mwembamba, amejifunga shali ya sufi, amebeba kikapu mkono mmoja na karatasi iliyokunjwa kama bomba mkono wa pili.

"Samahani sana, raia," alianza, akimwelekea Rufina. "Kibanda cha kuulizia anwani ndicho kilichonielekeza. Mimi nauza shali stesheni ya Armavir. Nimekuta jina lako limeandikwa chini ya hili bango, nikasema labda wewe unajua, yule mtu mliyempiga picha..."

Rufina hakusikia yaliyobaki. Chini ya mkono wake, mgongo wa Zakhar uligeuka jiwe.

Angeweza kubaki ameinama. Baadaye alisema alijiambia abaki ameinama, aliuambia mwili wake, lakini mwili haukumsikia. Aliinuka, maji yanamchuruzika, akageuka.

Karatasi ilianguka sakafuni.

"Rostik," mama yule akasema. Hakusema kwa nguvu. Lakini jiko zima lilisikia.

Kisu cha Kapitolina, kilichokuwa kimerudia kumenya viazi, kikasimama. Mtu akapunguza moto wa jiko la mafuta ya taa, na mlio wake ulipokufa hapakubaki sauti yoyote ya kujifichia.

"Rostik ni nani?" Kapitolina akauliza.

Ni Zakhar aliyesema. Alisema huku akimtazama mama yake usoni, kutoka umbali ambao angeweza kunyoosha mkono akamgusa.

"Umenifananisha, mama. Mimi ni Zakhar Pimenov. Baba yangu alikuwa mhunzi. Sikujui."

Mama yule hakupepesa macho. Aliupitisha mtazamo wake kwenye mwanya, kwenye nyusi iliyokatwa, kwenye mabega yaliyokonda. Halafu, bila kugeuza kichwa, akaonekana kuhisi watu wote waliosimama pale: visu vyao, sufuria zao, kimya chao. Alikuwa ameishi Armavir miaka yote ile kama mjane wa kanali. Hakuwa na haja ya kufundishwa kimya cha namna hiyo kina maana gani.

"Nisamehe, raia," akasema. "Macho yangu yamechoka kwa safari. Mwanangu alikuwa mrefu zaidi."

"Mrefu kiasi gani?" Kapitolina akauliza.

"Mrefu. Angegonga kichwa kwenye ule mlango."

"Maskini. Alifariki?"

"Kwa homa ya chawa. Mwaka ule wa ishirini."

"Upande gani? Alikuwa na watu gani?"

"Alikuwa na chawa, binti yangu. Upande wao sikuwauliza."

Kapitolina alimtazama, akamtazama Zakhar. "Na wewe mbona unalia, Ndugu Zakhar?"

"Sabuni," Zakhar akasema. "Imeniingia machoni." Akainama tena kwenye sinki, na Rufina akammiminia maji, akamimina mpaka birika likaisha.

Wakamkalisha mgeni, maana ingekuwa ajabu kutomkalisha. Kapitolina mwenyewe alimpa chai na kipande cha mkate mweusi. Zakhar alikausha nywele, akavaa shati, akalazimika kukaa mezani, kwa sababu kila Jumapili alikaa mezani. Mama yake alikunywa chai ile polepole, glasi ameikumbatia kwa viganja vyote viwili, na kila alipoinua macho aliyapeleka dirishani. Mara moja tu aliomba, "Nipitishie chumvi, raia," na Zakhar akampitishia. Vidole vyao havikugusana. Rufina alikuwa ameviangalia vidole vile kama mtu anayeangalia utambi unaowaka.

Rufina alimsindikiza mgeni stesheni. Njiani hawakusema kitu hadi walipofika mahali pa wazi kwenye daraja, upepo unavuma.

"Ameoa mtu mzuri?" mama yule akauliza.

"Sijui, mama," Rufina akasema, akaanza kulia.

"Usilie, watu wanaona. Mimi ni Apollinaria Sergeyevna. Anakula?"

"Anakula."

"Basi. Nilikuwa nimekwisha kumfanyia ibada ya maiti, unajua? Halafu naenda na shali zangu, namkuta ukutani, ananicheka. Nikaanguka pale pale. Watu wakadhani ni njaa." Akakishika kikapu vizuri. "Sikupaswa kuja. Nilipaswa kulitazama lile bango kila siku nikaridhika. Lakini mtu ataridhikaje?"

Rufina alirudi na kumkuta Kapitolina peke yake jikoni.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, maskini. Amechanganyikiwa kwa huzuni."

"Eeh." Kapitolina alisugua sufuria, mgongo amempa. "Mimi nilizika wangu wawili, Rufina. Watu wanaofanana nao nimewaona mara nyingi barabarani. Moyo unaruka, unasogea, unaona siye, basi. Hakuna hata mmoja aliyenitazama vile mumeo alivyomtazama yule bibi." Akakung'uta maji. "Mimi sijasema kitu. Ila wiki ijayo kamati inaandikisha wakaazi upya, kila mtu na asili yake. Nitakayezunguka na karatasi ni mimi. Nakuambia tu."

Akatoka. Rufina na Zakhar walikaa wakayageuza maneno yale upande huu na ule. Kama ni onyo la mtu mwema, waondoke. Kama ni kitisho, waondoke. Mpaka leo hawajajua lilikuwa lipi. Kabla ya wiki kuisha, Rufina aliaga shirikani kwamba madaktari wamemshauri hewa kavu, Zakhar akaacha ghala la mabomba, wakapanda treni ya mashariki, na Kapitolina akawabebea mzigo mmoja mpaka kwenye ngazi bila kusema neno.

Walishukia Omsk, Siberia. Rufina alipata kazi ya kuchora karatasi za kufungia chai, maua na ngamia, hakuna uso wa mtu. Zakhar alifuga ndevu, na kwa kuwa huko hakuna aliyemjua bila ndevu, hakuna aliyeuliza. Mwaka wa pili wakamwita Apollinaria Sergeyevna, naye akaandikishwa kuwa mama mdogo wa Rufina, mjane asiye na watoto.

Hivyo aliishi na mwanawe kama mkwe. Alimwita Zakhar jikoni, alimwita Zakhar uani, na walipobaki wawili tu, mlango umefungwa na dhoruba inapiga kelele nje, alimwita Zakhar vile vile. Mwanzoni Rufina alimwambia, "Mama, hapa hakuna anayesikia." Bibi akatikisa kichwa. "Ulimi hauna mlango," akasema. "Nikiufungulia hapa ndani utatoka nje." Zakhar naye akamwita mama mkwe, akamheshimu kama mkwe anavyoheshimiwa, hakai karibu naye sana, hamgusi ovyo. Wakati mwingine, Zakhar akikata kuni, Rufina alimwona bibi anamwangalia kupitia dirishani mpaka pumzi yake inafunika kioo, anakifuta, anaendelea kumwangalia.

Kwa miaka minne ilikuwa hivyo. Kisha, majira ya baridi kali, bibi akapatwa na homa ya mapafu, na siku ya tatu akaanza kuweweseka.

Hapo hofu ya zamani ikawarudia yote kwa mkupuo. Majirani wa Omsk walikuwa watu wema, na wema wao ndio uliotisha: wanawake waliingia na kutoka, huyu na maziwa ya moto, yule na mafuta ya bata ya kumsugua kifuani, hakuna aliyeweza kuwafukuza. Bibi aliongea bila kupumzika. Alimtaja mumewe kanali, lakini kwa jina la utani lisilomaanisha kitu. Alitaja farasi, alitaja miti ya cheri. Zakhar alisimama kichwani pake ameshika taulo, tayari kumfunika kinywa kama anamfuta jasho, huku akijichukia kwa ajili ya taulo lile. Rufina alikuwa mlangoni, na kila midomo ya bibi ilipojikusanya kutamka jina, alikohoa kwa nguvu.

Jirani mmoja, mke wa dereva wa treni, alikuwa amekaa kitandani akimpepea bibi. Mgonjwa akafumbua macho, akamwona mwanamume mwenye ndevu aliyemwinamia, uso wote ukamlegea kwa furaha. Akanyoosha mkono, akamgusa nyusi ya kushoto kwa kidole.

"Umekuja," akasema. "Umekuja, Zakhar wangu."

Akarudia jina hilo mpaka jioni. Ndani ya homa, ambamo mtu hatunzi siri ya mtu, hakulitamka lile jingine hata mara moja. Hofu ilikuwa imelifuta.

Walipotoka makaburini, mke wa dereva alimshika Zakhar mkono. "Wakwe wangapi wanakufa wakiwaita wakwe zao?" akasema. "Bibi yule alikupenda kama mtoto wake."

"Ndiyo," Zakhar akasema.

Alimshukuru, akavaa kofia, akaenda uani kupasua kuni, ingawa zilizokuwepo zingetosha mwezi mzima. Rufina alimwacha. Alisikiliza shoka likianguka mpaka giza lilipoingia, na alipotoka na taa kumwita akale, alimkuta amekaa kwenye gogo, kinywa wazi, baridi inamwingia kwenye mwanya, akijaribu kutamka kwa sauti ya chini jina alilopewa na mama yake, na halitoki.